Bunduki ya kupimia joto na Land Cruiser ya marehemu baba

Gari ni FJ40, injini ya 2F, silinda sita, lita 4.2, yenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Marehemu baba alilibebea viazi vya Isyonje miaka mingi, na sikuwa tayari lifie mikononi mwangu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kupanda kutoka Tukuyu hadi Isyonje linapanda vizuri, ila nikilizima dakika kumi tu nipakie gunia, haliwaki tena. Ukifunua boneti joto linakupiga usoni na harufu ya petroli imejaa. Wakati huohuo geji ya joto la maji imetulia katikati.

Mafundi wawili walikuja na majibu yao. Wa kwanza alisema rejeta imeziba, tukaizibua. Wa pili aling'oa themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, akaniambia niendeshe bila hiyo. Kwa baridi ya Mbeya ya Juni na Julai hilo liliniumiza sana, maana asubuhi injini ilikuwa inachukua nusu ya safari kupata moto. Pesa ilitoka, joto likabaki palepale.

Ndipo nikanunua bunduki ya kupimia joto pale Mwanjelwa, shilingi 65,000. Si zile tulizopimwa nazo homa wakati wa korona, zile mwisho wake ni joto la mwili. Hii imeandikwa inafika nyuzi 550 za Selsiasi.

Nikarudisha themostati mpya inayofunguka kwenye nyuzi 82, nikazunguka mjini nusu saa, nikaanza kulenga. Paipu ya juu ya rejeta 83, ya chini 66. Maana yake maji yanaingia ya moto yanatoka yamepoa, rejeta haina kosa. Kabureta ikasoma 41, nikashangaa, kwa sababu kidole hakikukaa hapo hata sekunde mbili. Hapa ndipo bunduki hii inapodanganya: chuma kinachong'aa kinaipotosha, inasoma chini. Nilibandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme nikapima juu yake, ikasoma 71. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi!

Na huku kwetu juu ni mapema zaidi. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700, maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maji ya rejeta yanaokolewa na kifuniko kinachoyabana kwa presha. Petroli iliyo ndani ya bakuli la kabureta haina wa kuibana, bakuli lina tundu la hewa. Ndiyo maana geji ilikuwa shwari huku mafuta yanachemka na gari linagoma kuwaka.

Nikashuka na bunduki hadi manifodi, yale mabomba ya chuma yaliyofungwa ubavuni mwa injini. Kwenye 2F, ya kuingiza na ya kutolea moshi zipo upande mmoja, kabureta imekaa juu. Ndani ya ile ya moshi kuna kibati chenye springi: injini ikiwa baridi kinausukuma moshi wa moto chini ya kabureta, ikipata joto kinageuka na kuuacha uende zake kwenye ekzosi. Chini ya kabureta nilisoma 118. Kibati kilikuwa kimeshikwa na kutu kwenye mkao wa injini baridi, sijui tangu lini.

Kijana wa gereji ya jirani alinyunyizia dawa ya kutu siku mbili, akagonga polepole, kikaachia. Tukakata pia bati la kukinga kabureta, la kiwandani lilishaondolewa. Nilipopima tena: 78 chini ya kabureta, bakuli 53 baada ya dakika kumi za kuzimwa. Linawaka.

Anayetaka kuinunua ajue kile kidoti chekundu si eneo linalopimwa. Yangu ni ya 12 kwa 1, yaani umbali ni mara 12 ya upana wa eneo linalopimwa; ukisimama mita moja na kidogo inachanganya joto la duara la sentimita kumi. Sogea karibu, kiasi cha kiganja, ila chunga feni. Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu karatasi ya maelekezo haikusema neno kuhusu vyuma vinavyong'aa.

Mama bado ananiambia miguu inaungua akikaa kiti cha kushoto. Sakafu nimeipima, 49, na ekzosi inapita hapohapo chini. Jumamosi nalala chini ya gari na bunduki yangu.