Ridhaa ya wazi au ukimya wa mteja?

Nchini Marekani, kifungu cha 222 cha Sheria ya Mawasiliano kinalinda rekodi zako za simu: ulimpigia nani, lini, kwa dakika ngapi. Mwaka 1998 mdhibiti wa mawasiliano, FCC, alitaka kampuni ya simu ipate ridhaa ya wazi kabla ya kutumia rekodi za simu ya mezani kukuuzia ya mkononi. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikaitengua kanuni hiyo kwa hoja ya uhuru wa kujieleza (wa kampuni, si wako).

Tangu 2002, rekodi zikitumika ndani ya kampuni yenyewe kukuuzia huduma zake za mawasiliano, ukimya unatosha: unapewa taarifa, siku 30 zikipita hujakataa, umekubali. Ni nafuu kwao. Lakini karatasi iliyochomekwa nyuma ya bili huisoma nani? Ridhaa ya wazi huwalazimu kuomba kwa lugha inayoeleweka, naipendelea hiyo.