Uzoefu wangu: tatuu ya nukta niliyochorwa Mtwara mjini

Nitoe hukumu mapema ili asiye na muda asome hapa aende zake: kazi ni nzuri, fundi nampa saba kwa kumi, na hela ikipatikana nitarudi kwake, ila si kwa kila aina ya mchoro. Nilichorwa kabla msimu wa korosho haujaanza. Msimu umepita, mvua nazo zimepita, ndiyo naandika. Nimechelewa makusudi, maana tatuu mbichi ni mwongo. Siku ya kwanza kila kazi ni nyeusi tii, inang'aa, na ndiyo hiyo mafundi wanayoipiga picha na kuirusha mtandaoni. Ukitaka kumjua fundi mwambie akuonyeshe kazi iliyopona. Wangu alikuwa nazo mbili tu kwenye simu, zilizobaki zote mbichi. Hapo alama moja imeondoka.

Mtindo wenyewe mafundi wanauita dotiweki. Kivuli hakipakwi, picha yote inajengwa kwa nukta. Pakitakiwa giza nukta zinabanana, pakitakiwa mwanga zinaachana mpaka inabaki ngozi yako peke yake. Chukua picha ya gazeti la zamani uisogeze karibu na jicho: nukta tupu. Irudishe mbali, inakuwa uso wa mtu. Mfaransa Georges Seurat aliifanyia kazi kanuni hiyo hiyo kwa rangi za mafuta, na mwaka 1886 akawaonyesha watu wa Paris turubai kubwa la watu wanaopumzika kando ya mto, lote limejaa vidoa. Kwenye ngozi, mtindo huu ulikomaa na kupata jina lake London miaka ya 1990. Studio ya Into You aliyoifungua Alex Binnie mwaka 1993 inatajwa sana, na mchoraji Xed LeHead ndiye wengi wanayemhesabu kuwa baba wa maumbo yale ya pembe na duara yaliyojengwa kwa nukta. Kuchoma ngozi kwa ncha, lakini, ni jambo la kale mno. Maiti iliyokutwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ina alama 61 za masizi. Mashine ya umeme ya kuchorea ni mgeni wa juzi tu: Samuel O'Reilly aliisajili New York mwaka 1891.

Kilichonivuta mimi ni ngozi. Sisi weusi tuna hesabu yetu kwenye mambo haya, na mafundi wengi hawaijui kwa sababu wamejifunza kwa kuangalia video za Wazungu. Wino unakaa tabaka la pili la ngozi, kama milimita moja hadi mbili kwenda chini. Rangi yetu iko tabaka la juu. Kwa hiyo kila unachochorwa kinaonekana kupitia weusi wako. Njano, waridi na kijivu chepesi vinamezwa. Kivuli laini kilichopakwa kinaishia kuwa kama doa la michubuko. Nukta nyeusi zilizoachiwa nafasi zinasomeka, kwa kuwa ngozi inafanya kazi ya rangi ya pili, tena bila kulipiwa.

Neno la kushika hapo ni nafasi. Wino hautulii kabisa. Chembe za kinga za mwili huumeza, na watafiti wa Marseille walionyesha mwaka 2018, kwa kutumia panya, kwamba chembe hizo zikifa wino huachiwa na kumezwa na chembe mpya palepale. Ndiyo maana tatuu haifutiki. Lakini miaka ikienda kila nukta hutanuka kidogo. Nukta zilizobanana leo kesho ni kibandiko cheusi. Kwa hiyo fundi wa nukta mpime kwa sehemu alizoziacha wazi.

Kabla sijaenda nilijichunguza makovu. Kuna watu kovu likipona linavimba na kuendelea kukua, na sisi Waafrika tunalo tatizo hilo zaidi ya wengine. Masikio yangu yalitobolewa zamani na hayakuvimba, nikapata moyo. Kama kwenu kuna mtu ana kovu la namna hiyo, hata la chanjo begani, fikiri mara mbili.

Nilifanya pia jambo ambalo nalipendekeza kwa kila mtu: nilimwomba mpambaji wa maharusi anichoree kwa hina mchoro wangu wenyewe, wa mistari ya pembe pembe, nikakaa nao mpaka ukafifia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ulikuwa mkubwa mno kwa mkono wangu, nikaupunguza. Nimesema hina. Piko ile nyeusi msiitumie, ni dawa ya nywele, na kemikali iliyomo inaweza kuunguza ngozi mpaka malengelenge.

Fundi ni kijana wa makamo hivi, amejifunzia Dar, amepanga chumba nyuma ya saluni ya kiume mitaa ya Chikongola. Joto. Feni moja, na muziki wa saluni unaingia wote. Usafi ulikuwa bora kuliko nilivyotarajia: sindano kaifungua mbele yangu kutoka kwenye pakiti na kunionyesha tarehe, wino kaumimina kwenye vikombe vidogo vya kutupa, kiti na waya wa mashine kavizungushia nailoni. Halafu simu ikaita. Akaipokea na glavu zile zile, akaongea, akarudi mkononi kwangu. Nikamwambia, "Kaka, glavu." Hakununa, alizitupa akavaa nyingine. Ila mwingine asingesema. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI havisubiri mteja mwenye haya. Na sindano zilizotumika anazitia kwenye chupa ya maji ya plastiki. Zahanati zetu zina visanduku vya njano vya kazi hiyo, naye atafute.

Bei tulikubaliana shilingi 200,000 kwa mchoro unaoanzia karibu na kifundo cha mkono mpaka chini ya kiwiko, marekebisho bure. Kwa Mtwara si rahisi. Lakini nukta zinakula muda: mstari anaochora mtu kwa dakika moja, wewe wa nukta unaugonga mara mia.

Alihamisha mchoro kwa karatasi ya kunakilia, akaniambia nisimame mbele ya kioo niuangalie mkono ukiwa umening'inia, si ukiwa mezani. Hilo nililipenda. Mkono ukining'inia misuli inazunguka, na pembe iliyonyooka mezani inapinda. Akatumia mashine aliyoipunguza kasi, yenye sindano tatu zilizofungwa pamoja, anainua mkono baada ya kila nukta. Maumivu ni ya kukera zaidi kuliko ya kuumiza, isipokuwa karibu na kiwiko na pale mishipa inapoonekana, hapo nilimtaja Mungu.

Katikati ya kazi umeme ukakatika. Watu wa Mtwara hawahitaji maelezo. Tulisubiri, feni imekufa, jasho linanitoka. Mwisho akatoa kijiti, akafunga sindano mpya kwenye ncha yake kwa uzi, akasogeza kiti mlangoni penye mwanga, akaendelea kwa mkono. Tk, tk, tk. Ngozi inainuka kidogo kila sindano inapotoka, kama vile haitaki kuiachia. Damu karibu hakuna.

Leo ukiutazama mkono wangu, sehemu ile aliyoichora kwa mkono bila mashine ndiyo iliyopona vizuri kuliko zote. Nukta zimesimama moja moja, duara, ngozi laini ukipitisha kidole. Sehemu ya mashine ni nzuri pia. Palipoharibika ni karibu na kifundo: pale alitaka giza, akagonga juu ya alipokwisha kugonga, na kumekuwa kiraka. Ukiwa mbali unadhani nimepakwa oili chafu. Kurekebisha hakuwezekani, kwa sababu nukta huongezwa tu, hazipunguzwi. Alikiri mwenyewe kwamba alibanisha. Alama nyingine mbili zimeondoka hapo.

Sasa niseme la matangazo yake, ambalo nina ugomvi nalo. Anauza hizi kama "tatuu za asili ya Kimakonde". Si kweli. Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Newala na ana dinembo usoni mpaka leo: mistari ya pembe pembe inayopanda kutoka shavuni kwenda sikioni, samawati nzito juu ya weusi wake. Ile ni kazi ya kisu. Ngozi ilichanjwa, ikasuguliwa masizi ya mbarika, kovu likainuka kidogo na rangi ikabaki ndani. Ukiigusa unaisikia. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipofika Lindi mwaka 1906 na kupanda mpaka Masasi na Newala, alipiga picha wanawake wenye chale na ndonya, lile pambo la kutoboa mdomo wa juu, na ukiziangalia unaona mkato na mstari. Vinyago vya mapiko, vile Wamakonde wanavyovivaa ngomani, navyo vina alama hizo usoni, nyingine zimebandikwa kwa nta ya nyuki. Nukta za London ni kitu kingine. Ukitaka kuchukua pembe za dinembo uzijenge kwa nukta, ruksa, mimi mwenyewe ndicho nilichofanya. Lakini sema umechukua, usiseme umerithi.

Bibi nilimwonyesha mchoro kwenye simu kabla sijalipa. Akacheka mpaka akakohoa. "Mbona mnaogopa kisu, mjukuu wangu? Sisi tulilazwa chini, tukachanjwa." Kisha akanyamaza, akapitisha kucha juu ya kioo cha simu na kuniambia pembe zangu zinatazama chini. Zake zinatazama juu. Nilimpigia fundi kesho yake akageuza mchoro wote. Kwa mashauri hayo bibi alidai kilo mbili za sukari, nikampelekea.

Mama yangu hakucheka. Kwetu ni Waislamu, na masheikh wengi wanasema mchoro wa kudumu ni haramu. Sikubishana naye, navaa mikono mirefu nikienda kwake. Hili nalitaja kwa sababu fundi hatakuuliza. Hatakuuliza pia kama unataka kuomba kazi polisi. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi husema wazi kwamba mwombaji asiwe na michoro mwilini, na hawajali ni nukta au ni mstari.

Kuhusu kuuguza, hakunipa maelekezo yoyote zaidi ya "usiloweshe sana, dada". Niliosha kwa sabuni isiyo na manukato na maji yaliyochemshwa yakapoa, nikakausha kwa kitambaa safi, nikapaka mafuta ya mgando kidogo sana, yasizibe ngozi. Ngozi inabanduka kama baada ya kuungua jua, inawasha, usikune. Bahari ya Shangani niliitazama kwa macho tu mpaka ngozi ya juu ilipofunga, na jua la huku nalikwepa hata sasa kwa sababu linafifisha wino. Na kwa wenzangu wa mashambani: kidonda kibichi kikae mbali na ubanguaji. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi nzima, sembuse iliyotobolewa. Tuliosoma shule za huku tunayajua, tulikuwa tunajiandika herufi za majina kwayo darasa la tano, na kuna watu bado wanatembea na herufi za wapenzi waliowasahau.

Kama bado unatafuta mchoro, usikimbilie mandala kwa sababu tu ndiyo iliyojaa mtandaoni. Ni michoro ya ibada ya Wahindu na Wabudha, inapendeza, lakini kila mtu anayo, na ikichorwa ndogo katikati yake huziba ndani ya miaka michache. Huku kwetu kuna vitu vinavyokubali nukta vizuri sana: ukili wa mkeka, ambao tayari ni miraba ya giza na mwanga, maua yaliyochongwa kwenye milango ya zamani ya Mikindani, bibo na korosho yake, bibo kwa nukta za mbali na korosho kwa nukta za karibu. Papa potwe je? Ana madoa mgongoni tangu kuumbwa, fundi anabaki kuyafuata tu. Chagua kitu chenye sehemu kubwa za wazi, na ukiambiwa nukta zitakuwa ndogo sana, kataa.

Kwa kazi za namna hiyo mpeni huyu kijana, na mwambieni awachore kwa mkono hata kama umeme upo. Kwa maandishi na picha za nyuso msiende. Mteja aliyekuwa kabla yangu aliandikwa jina la mwanawe, na herufi ya mwisho imeinama.