Miksa ya dijitali ya kukodi: buto moja, chaneli 32, na aibu yangu Kamalondo, Lubumbashi

Papa ya bibi arusi alikuwa amesimama, mikro mkononi, ukumbi mzima umenyamaza, na sauti inatoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Nikasukuma kitelezi chake kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti za mikro zote, mpaka juu. Bado. Nikashika buto ya geini, ya kuongeza nguvu ya mikro, nikazungusha. Hapo ndipo ukumbi ulipolia. Si ile larseni nyembamba, mlio wa mikro kujisikia kwenye spika, inayotoboa sikio ikapita. Hii ilikuwa nzito, ya tumboni, kama ng'ombe anachinjwa chini ya sakafu. Mama mmoja wa meza ya mbele alimwaga bia yake yote ya Simba kwenye kitenge. Na mimi, fundi, kwa kuwa papa bado hasikiki, nikazidi kuzungusha.

Mikro ya papa ilikuwa chaneli ya 3, yaani njia yake ndani ya miksa. Niliyokuwa nazungusha ni ya 11, mikro ya karindula.

Kwa wasioijua karindula: ni banjo kubwa ya kwetu Katanga, mwili wake bidoni, pipa, iliyofunikwa ngozi ya mbuzi. Ukiiwekea mikro, ile ngozi inakuwa sikio la pili. Spika inaitikisa, yenyewe inaitika, mikro inachukua, inarudisha kwenye spika. Mpigaji hakugusa hata waya mmoja, masikini. Alikuwa amekaa ameikumbatia, anaitazama kama mtoto aliyeanza kulia kanisani.

Sasa nieleze hasira yangu inatoka wapi. Kwenye miksa za zamani, za analoji, kila chaneli ina safu yake: geini juu, chini yake sauti za juu, za kati, besi, mpaka unafika kwenye kitelezi. Mkono unajua njia hata gizani, kama mama anavyojua chumvi iko wapi kuran, umeme, ikikatika. Kila buto ina kialama cheupe, unaona ulikoiacha. Hii ya dijitali imechukua buto zote hizo ikazifanya seti moja, pembeni ya skrini, kwa ajili ya chaneli zote 32. Kwanza ubonyeze SEL, buto ya kuchagua, ya chaneli unayoitaka, ndipo zile buto zinakuwa zake. Ukibonyeza nyingine, zinahama. Na buto ya geini yenyewe haina mwanzo wala mwisho, inazunguka tu, vitaa vinaifuata. Mkono haukuambii kitu.

Na nilibonyeza SEL ya papa. Naapa. Ila kabla hajaanza nilisikia kangurumo kadogo, nikabonyeza buto ya kusikiliza ya chaneli ya 11 ili kaske, spika za masikioni, inipe karindula peke yake. Kumbe ndani kabisa ya mipangilio kuna mahali pa kuamua kwamba ukibonyeza kusikiliza, na uchaguzi unahamia hukohuko. Mwenye miksa alikuwa ameuwasha mpangilio huo. Anaujua yeye, mkono wake umeuzoea. Mimi aliniambia nini siku ya kuichukua? "Usiimwagie maji."

Niliua larseni kwa kushusha kitelezi kikuu, basi ukumbi wote ukawa kimya, na papa naye. Mzee akaiweka mikro mezani, akaendelea kwa mdomo wake mtupu, na alisikika vizuri kuliko dakika zote nilizomhudumia. Watu wakampigia makofi. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya meza, najifanya natafuta waya.

Kesho yake naenda kurudisha. Yule bwana alikuwa anakula bukari kibarazani, hakuinua kichwa. Nikamwambia kwa heshima, kama kaka mkubwa, "Yaya, ungenionya kuhusu SEL kufuata buto ya kusikiliza." Akakata tonge, akalichovya, akameza kwanza. "Miksa haina kosa. Ile ni ya watu waliosoma." Mbele ya vijana wake! Halafu akapitisha kidole juu ya skrini, akakitazama, akasema kosyo yangu, pesa ya dhamana, hairudi kwa sababu ya vumbi. Vumbi jekundu la Lubumbashi, kiangazi, kana kwamba nililileta mimi mfukoni.

Basi nilikuwa nimeamua kuandika kwamba hiki chombo ni takataka. Ila niseme kweli. Juu ya kila kitelezi kuna kaskrini kadogo, na mimi mwenyewe mchana nilikuwa nimeandika KARINDULA, nikakapa rangi ya kijani. Na skrini kubwa nayo inaonyesha jina la chaneli iliyochaguliwa. Jina lilikuwa pale, mbele ya pua yangu, wakati nazungusha. Sikutazama, nilikuwa namtazama papa.

Tena baada ya aibu ile nilibaki kwenye chaneli ya 11, nikafungua ekwalaiza yake, sehemu ya kupunguza au kuongeza besi na sauti za juu, nikatafuta ule mngurumo. Nikaukuta kwenye besi, pembeni ya hertzi 120, nikaukata kwa mkato mwembamba kama wembe. Kwenye miksa yangu ya analoji ningeshusha besi yote, karindula ibaki ngozi kavu. Hapa ilirudi nzima, nene, tamu, na wamama walicheza mpaka viatu vikavuliwa. Kuran ilipokatika tukawasha grupe, jenereta, miksa ilichukua muda wake kuamka (ya analoji ingekuwa imeshaanza kuimba), lakini ilipoamka kila kitu kilikuwa pale nilipokiacha. Vitelezi vikapanda vyenyewe kwenye nafasi zao, watoto wakakimbia kuja kuangalia, mmoja akaniuliza kama kuna mtu ndani.

Kwa hiyo ni nzuri. Sijui. Ni nzuri kwa mtu ambaye ana siku mbili za kukaa nayo nyumbani, si kwa anayeipokea saa tano na harusi ni saa nane. Lakini buto moja kwa watu 32, hilo bado silisamehi. Hata dereva wa basi ana breki yake na usukani wake, haambiwi achague kwanza.

Ukikodi, kabla hujatoa hata senti, ingia kwenye mipangilio uzime ule ufuataji wa SEL, mwenyewe akuone unauzima. Mimi nitakodi tena, kwa mtu mwingine. Kwa huyu sirudi, ila kwa jambo moja: kaske yangu nyeusi, yenye utepe wa skochi upande wa kushoto, niliisahau imechomekwa kwenye miksa yake. Nimempigia mara tatu. Anasema haijui.