Gofu na bia kwa siku tatu: pima kwanza hatua kutoka glasi ya mwisho hadi kitandani

Julai iliyopita, saa tano kasorobo usiku, mimi na Baba Neema tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za baa moja ya mashambani huko Marekani, mabegi ya gofu yameegemea ukuta, tukiangalia kwenye simu kigari cha teksi kinasogea, kinasimama, kinapotea. Kikipotea tunaomba kingine. Watu tuliocheza nao ndio waliotuleta pale mchana, wakanywa soda moja moja wakaenda zao.

Tulikuwa tumenunua kifurushi cha "wikiendi ya gofu na bia" kwa wakala wa mtandaoni: kulala siku mbili, raundi mbili za mashimo 18, na kuonja bia kwenye viwanda vidogo vitatu. Kila kilichoandikwa tulikipata, kwa hiyo siwezi kumwita tapeli. Ambacho hakuandika ni kwamba kati ya bia ya mwisho na mto wa kulalia kulikuwa na kilomita 31 za giza, mahindi kulia, mahindi kushoto. Tulifika hotelini saa saba usiku, dola 94 zimekwenda kwa teksi, na zamu yetu ya kuanza kucheza ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Nilipiga mikwaju 118, na kwenye gofu anayepiga michache ndiye mshindi. Naomba tusiizungumzie.

Niliposimulia kisa hiki, ujumbe ulimiminika. Dada mmoja wa Leeds, Uingereza, ameniandikia kwamba mumewe alilala ndani ya gari kwenye maegesho ya kiwanda cha bia mpaka alfajiri, naye hotelini anapiga simu hospitali. Kumbe ugonjwa ni wa wengi.

Basi mwongozo huu hautakuambia uwanja gani una nyasi laini. Hayo yamejaa kila mahali, na sisi tunaopiga mia na ushee hatuoni tofauti. Idadi ya nyota za hoteli nayo siijali. Ninauliza swali moja tu kabla sijatoa kadi ya benki: nikimaliza glasi ya mwisho, naweza kutembea kwa miguu yangu hadi kitandani? Kwenda uwanjani asubuhi ni rahisi, kichwa kizima, teksi zipo. Balaa ni usiku.

Na usiniambie "tutakunywa mbili tu". Bia za viwanda vidogo si bia ulizozoea. Chukua Two Hearted, bia ya kiwanda cha Bell's cha Michigan, ambacho nitakisifia sana hapa chini: ina kilevi asilimia 7. Glasi kamili ya Kimarekani ni mililita 473. Piga hesabu: ni kama mililita 33 za kilevi chenyewe. Chupa ya Kilimanjaro ya nusu lita, yenye asilimia 4.5, ina kama 22. Kwa hiyo glasi mbili "tu" ni chupa tatu za Kilimanjaro, baada ya saa nne juani na mkate mmoja tumboni. Huo ubao wa kuonja wenye glasi ndogo nne au tano ndio unaodanganya zaidi, maana kila glasi inaonekana kama ya dawa ya kikohozi, na wewe unaziongeza.

1. Kalamazoo, Michigan

Ndiyo, napendelea, na sifichi. Mimi ni mtu wa Bell's. Larry Bell alianza kuuza bia hapo mwaka 1985, na sufuria yake ya kwanza ilikuwa ya kupikia supu, lita 57 hivi. Mtaniambia kampuni imeshauzwa, najua: mwaka 2021 ilikwenda kwa kampuni ya bia ya Lion, ambayo ni ya Kirin ya Japani. Nilinuna wiki nzima. Kisha ikaja Oberon, bia yao ya ngano ya majira ya joto, asilimia 5.8, nikasamehe.

Lakini Kalamazoo haijashika namba moja kwa sababu ya Oberon peke yake. Imeshika kwa sababu ya treni. Kutoka Chicago, treni ya Amtrak, shirika la reli la Marekani, inakufikisha Kalamazoo kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, na kuna treni zaidi ya moja kwa siku. Ukishuka stesheni, baa ya Bell's, ile wanayoiita Eccentric Cafe yenye bustani ya kukaa nje, iko mwendo wa dakika chache kwa miguu. Hoteli za katikati ya mji nazo ni hivyo hivyo. Stesheni, bia, kitanda: vyote viko ndani ya mwendo ambao hata mtu aliyevaa viatu vya gofu anaumudu. Gari huna, kwa hiyo hata shetani akikushauri kuendesha, ataendesha nini?

Gofu unachezea Milham Park, uwanja wa manispaa wenye mashimo 18, kama kilomita 5 kusini mwa katikati ya mji. Uko kwenye barabara inayoitwa Lovers Lane, jambo ambalo Baba Neema alilitangaza kila tulipopanda teksi. Ni uwanja wa wananchi: miti mikubwa, wazee wanaosukuma mabegi yao kwa vigari vya magurudumu matatu, hakuna anayekuangalia soksi. Kama fimbo zako ni mzigo kwenye treni, piga simu kabla uulize wanakodisha zipi.

Halafu kuna hili la mwanga, ambalo sisi tuliokulia karibu na Ikweta linatuchanganya. Michigan iko mwisho wa magharibi wa saa za mashariki mwa Marekani, hivyo mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Arusha saa hiyo watu wameshakula wanatafuta blanketi. Unaweza kuanza kucheza saa tisa alasiri, wakati viwanja vingi vinapunguza bei, ukamaliza mashimo yote 18 kwenye mwanga, ukaoga, na bado ukakaa bustanini kwa Bell's jua likiwa halijazama. Wauzaji wa vifurushi hawalitaji hili kwa sababu wao wanataka ulipie zamu ya asubuhi, ambayo ni ghali.

Wenye gari watanitajia Gull Lake View, kaskazini mashariki mwa Kalamazoo, yenye viwanja sita. Kweli kabisa. Stoatin Brae, uliofunguliwa 2017 na kubuniwa na timu ya Tom Doak, mbunifu maarufu wa viwanja, ni kilima cha wazi chenye upepo, na ukiupenda mchezo utautamani. Lakini ukilala huko, Bell's iko mbali usiku. Nenda ucheze mchana urudi mjini na dereva ambaye hajagusa glasi.

2. St Andrews, Scotland

Hii ni ya ndugu zetu mlioko Uingereza. Kwa kipimo changu ingekuwa namba moja, kama si bei. Shimo la 18 la Old Course, uwanja wao maarufu wa zamani, linaishia mjini. Si karibu na mji, mjini: unatumbukiza mpira, unavuka barabara, uko mtaani. Kutoka hapo hadi baa ya St Andrews Brewing Company kwenye South Street ni mwendo wa kutembea, na vyumba vya kulala vimejaa katikati.

Na Scotland usithubutu gari kabisa. Tangu Desemba 2014 kiwango cha kilevi kwa dereva huko ni miligramu 50 kwa kila mililita 100 za damu, wakati England ni 80. Mtu anavuka mpaka na hesabu zake za Leeds, anakamatwa. Kwa bahati nzuri glasi yao ya mililita 568 ya bia ya asilimia 4 inalingana karibu sawasawa na Kilimanjaro moja, hivyo mwili unaielewa.

Old Course yenyewe inazidi pauni 300 kwa mtu wakati wa majira ya joto, na wengi huipata kwa kura. Jumapili hufungwa kwa gofu, watu wakatembea na mbwa wao juu ya nyasi ambazo jana zililipiwa mamia ya pauni. Napenda sana jambo hilo. Ukiikosa, cheza New Course, ambayo "upya" wake ni wa 1895, au Eden ya 1914. Zote zinaanzia upande ule ule, kwa hiyo hesabu ya hatua haiharibiki. Castle Course ni nzuri lakini iko nje ya mji, juu ya majabali ya bahari. Mnaijua dawa yake sasa: dereva ambaye hajagusa glasi. Treni haifiki St Andrews. Unashukia Leuchars kisha basi au teksi.

3. Bend, Oregon

Hapa bia ni nyingi kuliko miguu yako. Kiwanda cha bia cha Deschutes kilifungua baa yake ya kwanza Bond Street mwaka 1988, na tangu hapo mji mzima umegeuka kiwanda. Lala katikati ya mji na utembee. Usishawishike kulala kwenye hoteli ya uwanja wa gofu wa Tetherow juu kule, hata kama picha zinakuvuta. Kacheze tu (aliyeubuni ni David McLay Kidd, yule yule aliyebuni Castle Course), kisha ushuke.

Wakala atakuambia mpira unaruka mbali kwa sababu Bend iko mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mimi nimejifunzia gofu Arusha Gymkhana, kwenye mita 1,400, na kedi aliyekuwa ananibebea begi aliniambia tangu siku ya kwanza: "Mama, mpira utaruka, tatizo ni utaelekea wapi." Kwa hiyo hilo halinibabaishi.

Kinachonibabaisha ni baiskeli. Watu wanashauri ukodi baiskeli ili uzungukie baa. Sheria ya Oregon ya kuendesha ukiwa umelewa inaihusu baiskeli pia. Miguu, wapendwa, miguu. Na nendeni Juni au mwanzoni mwa Julai. Agosti moshi wa mioto ya misitu huweza kuziba anga, ukalipia uwanja ambao bendera yake huioni.

4. Bellaire, Michigan

Kijiji kidogo cha kaskazini, baa ya Short's ya mwaka 2004 iko ndani ya jengo lililokuwa duka la vifaa vya ujenzi, na hoteli ya Shanty Creek nje ya kijiji ina The Legend, uwanja uliobuniwa na Arnold Palmer, mchezaji gofu maarufu. Kwa wawili waliooana karibuni ni pazuri. Ila hoteli na baa haviko pamoja, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza usafiri wa usiku upo na unaishia saa ngapi. Usikubali jibu la "huwa upo".

Za bei nafuu

Mashimo tisa ya manispaa jioni, kiwanda cha bia cha mtaani kwenu, ulale nyumbani. St Andrews wana Balgove, ya mashimo tisa, kwa wanaoanza. Inatosha.

Sasa nirudi kwa mawakala, maana bado nina donge. Kuna jambo wachezaji wengi hawalijui: viwanja vingi vya Marekani huchukua programu za kompyuta za kupokea oda za wachezaji bila kuzilipia pesa taslimu. Badala yake vinaikabidhi kampuni ya programu zamu kadhaa za kila siku, nayo inaziuza kwa bei yake. Ile "ofa ya leo" unayoiona mtandaoni mara nyingi ndiyo hiyo, na juu yake wanaweka ada ya huduma. Huduma gani? Kubonyeza nimebonyeza mwenyewe. Piga simu uwanjani, uliza bei yao, uliza kama unaruhusiwa kutembea au lazima ulipie kigari cha kuzungukia uwanja. Kwangu mimi kigari cha lazima kiliongeza dola 28 kwa kichwa, na kilikuwa kimefichwa kwenye herufi za ukubwa wa mchwa.

Hoteli angalau zimebanwa. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali ya Marekani inazitaka zionyeshe bei kamili pamoja na ada za lazima tangu mwanzo, si kukuvizia mwisho. Gofu haimo. "Kuonja bia" nako hakumo: kwenye kifurushi changu kulimaanisha kuponi mbili za glasi ndogo kwa kila baa, na mhudumu wa kaunta wa baa ya pili hakuwahi kuziona kuponi hizo maishani mwake. Alitumiminia kwa huruma.

Kwa hiyo safari hii nimejinunulia vipande vipande. Tiketi za treni mimi, chumba mimi, Milham Park nimepiga simu nikapewa saa tisa na dakika kumi alasiri, Ijumaa na Jumamosi. Nimefungua ramani nikapima kutoka mlango wa Bell's hadi mlango wa hoteli. Baba Neema anasema ni dakika kumi na mbili. Mimi nimeandika ishirini, kwa sababu namfahamu akishakunywa mbili.