Windows 7 kwenye kompyuta kuukuu: kazi naipa, intaneti siipi

Nimeirudisha Windows 7 kwenye kompyuta yangu ya mezani, na baada ya kuitumia kazini naweza kusema bila kusita kwamba kwa mashine ya umri huu, yenye kazi moja maalumu na waya wa mtandao umechomolewa, sijaona mfumo endeshi unaoifaa zaidi. Lakini mtu akiniuliza kama aiweke ili asome barua pepe na kuingia benki, namwambia asithubutu. Majibu yote mawili nayasema kwa moyo mmoja.

Kazi yenyewe ni kuhamisha kaseti za zamani kuwa mafaili ya kompyuta. Watu huniletea sauti za wazazi wao waliofariki, hotuba za harusi, vipindi walivyorekodi redioni wakiwa vijana. Nyingi hazina nakala nyingine popote. Utepe uliozeeka unaweza kucheza vizuri leo ukakatika kesho, kwa hiyo kompyuta ikijikwaa katikati ya kurekodi huenda nafasi hiyo isirudi. Kwangu, mfumo endeshi mzuri ni ule unaokaa kimya na kuniacha nifanye kazi.

Mashine ina prosesa ya Intel Core 2 Duo E8400, ile ya mwaka 2008 yenye kori mbili za GHz 3, na RAM ya DDR2 GB 4. Kinachonifanya nisiitupe ni kadi yake ya sauti ya PCI, iliyokaa kwenye ile sloti ndefu ambayo bodi za siku hizi nyingi hazina tena. Inanasa sauti safi, bila ule mvumo unaosikika ukichomeka deki kwenye tundu la sauti la bodi yenyewe. Draiva yake, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi, hata hivyo, iliishia kwenye Windows 7, tena ya biti 32. Juu ya mfumo mpya zaidi kadi ilikuwa inaonekana na alama ya njano, na hata nilipoilazimisha ilikuwa ikitoa vijimlio vya tik-tik ndani ya rekodi.

Njia ya kwenda mbele nayo imefungwa. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4 na nafasi ya GB 64 kwenye diski. Zipo mbinu za kuruka masharti hayo, lakini tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024 mfumo unahitaji amri ya prosesa iitwayo POPCNT, na familia ya Core 2 haina amri hiyo. Hapo hakuna ujanja, hauwaki kabisa. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo niliamua kurudi nyuma kwa makusudi.

Kwa nini 7 na si XP, ambayo kadi yangu pia inaielewa? Sababu ni diski. Nilishaondoa diski ya kuzunguka nikaweka SSD, diski ya chipu isiyozunguka, na XP haikutengenezwa kwa ajili yake. Haina ndani yake draiva ya AHCI, njia ya kisasa ya kuongea na diski, haijui TRIM, amri ya kuiambia SSD nafasi ipi imefutwa, na hupanga patisheni (vipande vya diski) kuanzia sekta ya 63, mpango unaoifanya SSD iandike kazi maradufu. Windows 7, iliyotoka tarehe 22 Oktoba 2009, inayajua yote hayo tangu siku ya kwanza. Sloti za SATA za bodi hii, zile za kuchomekea diski, ni za kasi ya Gb 3 kwa sekunde, kwa hiyo SSD haifiki kilele chake, lakini tofauti na diski ya zamani ni kubwa mno. Kama pesa ni ya kununua kitu kimoja tu kwa kompyuta kuukuu, kinunue hiki.

Nilichagua biti 32 kwa ajili ya draiva ya kadi tu. Windows 7 ya biti 64 haipokei draiva isiyo na sahihi ya kidijitali, na hii yangu haina hata toleo la biti 64. Gharama yake ni kwamba biti 32 haiwezi kuitumia GB 4 yote. Kwenye mashine yangu inaonekana GB 3 na ushei. Kwa kurekodi sauti sijaona upungufu wowote. Kama wewe huna kifaa kinachokubana hivi, na RAM yako ni GB 4 au zaidi, chukua biti 64.

Sasa kupiga Windows yenyewe. Hapo ndipo mfumo huu unaponifurahisha, kwa sababu maswali ni machache na yana maana. Lugha, leseni, kisha unachagua Custom, unafuta patisheni za zamani, unaiachia nafasi yote, nayo inajitengea kipande kidogo cha MB 100 kwa ajili ya kuwaka. Haikuombi akaunti ya mtandaoni, haikuulizi habari zako. Unaandika jina la mtumiaji, jina la kompyuta, basi. Mwishoni unapata skrini safi yenye kikapu cha taka peke yake.

Kabla ya hapo kuna maandalizi, na kazi kubwa iko huko. Ile stika ya leseni ubavuni mwa kasha, yenye herufi na tarakimu 25, ipige picha kabla hujaanza kufuta vumbi, maana wino wake hufifia na kitambaa chenye maji humalizia. Draiva zote, hasa ya kadi ya mtandao na ya chipu za bodi, zipakue mapema kwa kompyuta nyingine uziweke kwenye flashi. Ukishamaliza kusakinisha, Windows 7 inaweza isiitambue kadi ya mtandao, na bila mtandao huwezi kupakua draiva ya mtandao. Diski halisi ya kusakinishia ni mali, itunze. Microsoft haitoi tena faili la ISO (nakala kamili ya diski) la Windows 7 kwa umma, na mafaili yanayozunguka mitaani huwezi kujua nani ameyatia mkono. Kama huna diski na umepewa ISO, linganisha alama yake ya SHA-1, iliyo kama alama ya kidole ya faili, na ile ya faili asilia iliyowahi kuchapishwa. Zikitofautiana hata herufi moja, futa.

Wenye bodi mpya kidogo kuliko yangu wajue jambo la USB. Windows 7 haina draiva ya USB 3.0 ndani ya diski yake ya kusakinishia. Kwenye bodi zilizokuja na prosesa za Skylake mwaka 2015 Intel iliondoa kidhibiti cha zamani cha USB 2.0, basi unafika skrini ya kwanza kipanya na kibodi vimekufa, ukidhani vimeharibika. Dawa ni kibodi ya tundu la mviringo la PS/2, au kuziingiza draiva hizo ndani ya flashi ya kusakinishia kabla. Mimi halikunigusa, bodi yangu ni ya enzi ya USB 2.0 tupu.

Na betri. Kwenye bodi kuna betri bapa ya CR2032, ya volti 3, inayotunza saa umeme ukizimwa. Katika kompyuta ya umri huu ichukulie kuwa imekufa hata kabla ya kuipima. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na mipangilio ya BIOS, ile programu ya bodi inayowasha kompyuta, hurudi ya kiwandani. Hilo la pili ndilo baya zaidi: kama ulisakinisha diski ikiwa kwenye AHCI, halafu BIOS ikajirudisha kwenye IDE, njia ya zamani ya kuongea na diski, Windows inaanguka kwa skrini ya bluu wakati wa kuwaka na mtu anaanza kuilaumu SSD. Badilisha betri kwanza, weka AHCI, sahihisha tarehe, ndipo uanze kusakinisha.

Sehemu inayochosha ni masasisho. Diski yangu ya kusakinishia ni ya Service Pack 1, mkusanyo wa masasisho wa mwaka 2011, maana yake mfumo unaotoka humo una mashimo ya miaka tisa hadi msaada ulipokoma tarehe 14 Januari 2020. Ukiichomeka kwenye mtandao na kuiachia ijitafutie, huduma ya masasisho inaweza kukalia prosesa kwa saa nyingi bila kuonyesha kitu. Ni tabia inayojulikana ya usakinishaji mpya wa 7. Isitoshe, tangu 2019 masasisho yote yanatiwa sahihi ya kidijitali ya aina mpya, SHA-2, ambayo mfumo mchanga hauielewi. Njia niliyoifuata, na ninayoisifu, ni kupakua mafaili kwa mkono kutoka kwenye katalogi ya Microsoft kwa kompyuta nyingine, kisha kuyasakinisha waya wa mtandao ukiwa nje. Kila sasisho lina namba yake inayoanza na KB. Kwanza KB4490628, halafu KB4474419. Hayo mawili ndiyo yanayoifundisha SHA-2. Kisha KB3020369, ambalo ni sharti la KB3125574, ule mkusanyo mkubwa wa masasisho hadi Aprili 2016. Mwisho KB4534310 la Januari 2020. Waya ukiwa nje, kila faili linaingia bila kuzubaa. Hilo la mwisho lina kasoro ndogo: ukipanga picha ya mandhari ya skrini kwa mtindo wa Stretch inageuka nyeusi. Ama uchague mtindo mwingine, ama uongeze KB4539602 linaloitibu.

Kwa nini nahangaika na masasisho kama sikusudii kuiunganisha? Kwa sababu mashine inayofanya kazi hukutana na flashi za watu, na ipo siku mtu mwingine atachomeka waya bila kuuliza. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisambaa duniani vikifunga mafaili ya watu na kudai fidia, na sehemu kubwa kabisa ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa za Windows 7. Kiraka kilikuwa kimeshatolewa Machi mwaka huohuo. Windows 7 iliyotoka kwenye diski ya 2011 haina kiraka hicho, na mlango wa SMB toleo la kwanza, huduma ya kushirikiana mafaili mtandaoni ambayo virusi hivyo viliipitia, uko wazi. Kuiweka mtandaoni ikiwa hivyo ni kumwachia mgeni usiyemjua funguo za nyumba.

Ikishakamilika, kazini inapendeza kweli. Inawaka upesi, na ikitulia RAM inayotumika haifiki GB 1. Nimeiweka kwenye mpango wa umeme wa High performance, nimezima usingizi, nimezima kuorodhesha mafaili, na nimezima sauti zote za mfumo. Hilo la sauti ni muhimu kwa kazi yangu: mlio mmoja wa onyo unaweza kuingia katikati ya maneno ya mtu na kukaa humo milele. Narekodi kwa toleo la zamani la Audacity, programu ya kurekodia sauti, biti 16 kwa kHz 44.1, stereo. Kila dakika inakula MB 10.6 hivi, kaseti ya dakika 90 inakaribia GB 1. Upande mzima unapita bila kukatika, na ule mlio wa tik-tik umekwisha. Juzi nilimrudishia mama mmoja sauti ya mumewe akiwasomea watoto, pumzi zake zote zinasikika kati ya sentensi na sentensi. Kwa kadi hii na mfumo huu, nimeridhika kabisa.

Ila usinisikie vibaya kuhusu intaneti. Chrome iliishia toleo la 109 kwa Windows 7, mwanzoni mwa 2023. Firefox iliishia kwenye mkondo wa 115. Internet Explorer 8 inayokuja ndani yake haifungui tovuti nyingi za leo, maana hizo zinadai TLS 1.2, kinga ya mawasiliano ya mtandaoni, ambayo humo inakuja ikiwa imezimwa. Watu wanasema kivinjari kikifungua kurasa basi mambo ni sawa. Si sawa. Kivinjari kinaweza kuonekana kizima huku mfumo ulio chini yake una matundu yaliyogunduliwa baada ya 2020 ambayo hayatazibwa. Nywila zako zisipite hapo.

Aliye na kompyuta kama yangu na anachotaka ni kusoma habari, kuandika barua na kutazama video, aweke Linux Mint, mfumo endeshi mwingine kabisa, ya biti 64. Prosesa ya Core 2 inaimudu ikiwa na SSD, masasisho ya usalama yanakuja hadi leo, na ni bure. Nimewawekea ndugu kadhaa na sioni sababu ya kuwapa Windows 7 badala yake. Wenye kadi za sauti au skana za zamani nao waijaribu kwanza kwa flashi bila kusakinisha, kwani Linux hutambua vifaa vingi vilivyoachwa na watengenezaji. Kadi yangu inatambulika huko, ila mlango wake mmoja wa kuingizia sauti haufanyi kazi, na huo ndio ninaoutumia.

Kitu cha mwisho nilichofanya, na ningekiweka kwenye kila usakinishaji wa namna hii, ni kuchukua taswira ya mfumo mzima kwa zana ya Backup and Restore iliyomo ndani ya Windows 7 yenyewe. Nilifanya hivyo baada ya draiva zote, masasisho yote na kuamilisha leseni. Taswira hiyo iko kwenye diski ya nje, pamoja na folda ya draiva, mafaili ya KB niliyoyataja na ile picha ya stika. Nikachoma pia CD ya kurekebishia mfumo, inayowasha mashine na kurudisha taswira. Nimeijaribu kwenye SSD nyingine tupu, ikawaka na kadi ya sauti ikaitika palepale.