Nati sita na domo la fundi: nilivyoinua gari langu la kila siku

Nilisema siandiki, hasira zipoe kwanza. Zimegoma kupoa, kwa hiyo naandika.

Gari langu ni la kazi. Linapeleka watoto shule, linabeba mizigo, linanisubiri juani kutwa nzima, na mwisho wa wiki likipata bahati linaingia kwenye matope na mawe. Niliwaambia hivyo wale jamaa wa gereji tangu nilipofika: siku tano au sita za wiki linakanyaga lami. Nataka inchi 2 za kuinuka, tairi kubwa kidogo, na rimu ambazo hazitapasuka zikigonga jiwe. Basi. Mwenye gereji alinisikiliza kwa heshima zote. "Bosi, umekuja mahali pake." Nami bosi nikavimba kichwa.

Kwenye springi na shokapu sina ugomvi, na niseme haki mapema kabla sijachafuka tena. Zile spesa za kuchomeka juu ya shokapu ya zamani nilizikataa, maana gari linapanda lakini shokapu inabaki ileile iliyochoka. Nikachukua springi mpya na shokapu mpya, mbele na nyuma. Kitu kimoja tu: waliniuliza rangi ya shokapu ninayoipenda, hawakuniuliza nabeba uzito gani. Springi ya nyuma ya mtu anayebeba tangi la maji na hema juu ya paa si springi ya mtu anayebeba begi la shule. Nilisema mwenyewe, ikabadilishwa, yakaisha.

Rimu ndizo zilizonitoa roho.

Za kiwandani zilikuwa na ofuseti (umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa) ya milimita 30 chanya. Hizi za kwao ni 0, upana uleule. Kwa asiyejua (nami sikujua), kila gurudumu linatoka nje milimita 30. Gari linaonekana limetanua kifua, na picha zilipendeza kweli, siwezi kukataa. Nikauliza: tairi haitagusa nikikata usukani? "Haigusi, bosi." Wakafunga tairi za 285/70R17, pana na ndefu zaidi, mahali palipokuwa na 265/65R17, wakakaza nati kwa bunduki ya upepo, trrrr, trrrr, nikalipa. Rimu zangu za zamani nikawaachia wanihifadhie, nyumbani sina pa kuziweka.

Nikirudi nyuma usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kwaruu! Niliinama nikaona plastiki ya ndani ya madigadi imelambwa hadi imeng'aa, na uchafu mweusi wa mpira umeganda pembeni. Nikarudi kwao. Fundi akatoa kisu, akakata kipande cha plastiki kama anamenya papai, akakitupa pembeni. "Tayari." Nikasema sawa, labda ndivyo inavyokuwa.

Siku chache baadaye ikaanza ko, ko, ko. Nikitembea taratibu inasikika mbele kushoto, nikikimbia inapotea, nikishika breki inarudi. Kwa akili yangu nikasema ni bushi au boljointi, vile viungo vya chini ya gari, imekasirika kwa kuinuliwa. Nikampigia simu mwenye gereji. Yanayofuata ndiyo yamenifanya niandike.

Kabla sijalipa nilikuwa bosi. Sasa nilikuwa "we jamaa".

"We jamaa, gari limeinuliwa, hilo. Ulitaka likae kimya kama kitanda? Rimu mpya hulia kidogo mwanzoni. Litazoea."

Litazoea! Chuma kitazoea! Nikamwomba basi nipite aliangalie. Akasema ana kazi za watu wenye magari ya maana. Akakata simu. Nilibaki nimeishika mkononi kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto.

Nilisimamisha gari palepale, nikatoa spana ya magurudumu. Nati ya kwanza ikazunguka kwa vidole. Sikutia nguvu yoyote, kwa vidole tu, kama mfuniko wa chupa. Ya pili vilevile. Kati ya 6, mbili zilikuwa zimelegea kabisa, ya tatu ilikuwa njiani. Nikatia jeki, nikavua gurudumu. Tundu la rimu lilikuwa limeanza kuwa na umbo la yai, na pembeni yake kuna unga wa chuma unaometa, laini kama poda. Nilikaa chini kwenye vumbi. Asubuhi ile nilikuwa na watoto nyuma.

Kumbe rimu nyingi za kiwandani za aina yangu hushikwa na nati bapa zenye washa: nati inakaa juu ya uso uliolala. Rimu hizi mpya zina tundu lenye mteremko kama faneli, zinataka nati ya koni inayozama na kujipanga katikati. Wale mabwana walichukua nati zangu za zamani wakazikaza kwenye rimu za koni. Washa inakaa juu ya mdomo wa faneli, inagusa ukingo tu. Hata uikaze na bunduki ya upepo ya dunia nzima, italegea. Hili si jambo la ufundi wa hali ya juu, unaliona kwa macho ukiiweka nati mkononi na rimu mbele yako.

Na hata nati zingekuwa sahihi, rimu mpya hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na kwa kipimo cha gari lenyewe. Hakuna aliyeniambia. Neno moja tu lingetosha.

Fundi wa pili, mzee mpole asiye na bango wala picha, alicheka kidogo alipoona. Hakunicheka mimi, alizicheka zile nati. Akafunga za koni, akabadilisha stadi mbili zilizoliwa (zile bolti zinazoshika nati), rimu ile iliyolika tundu akaniambia niitupe. Halafu akanionyesha jingine: gari lilikuwa halijapigwa alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) tangu liinuliwe. Ukiinua mbele kwenye gari lenye mikono ya juu na ya chini, vile vyuma vinavyoshika gurudumu, kasta (mlalo wa mhimili wa usukani unaolishika gari kwenye mstari) inapungua, ndiyo maana usukani wangu ulikuwa ukitangatanga barabarani nami nikilaumu upepo. Na taa za mbele zilikuwa zinawapiga madereva wengine machoni. Akasogeza gurudumu mbele kidogo kwa kurekebisha mkono wa chini, kasta ikarudi, na ule mkwaruzo ukapungua nusu.

Sasa mtanishangaa. Gari hili, likiwa limefungwa sawasawa, nalipenda kupita kiasi. Matuta ambayo nilikuwa nayapanda kwa kusali sasa nayapita nikiongea. Juzi nilivuka mtaro wa mawe, difu ya nyuma (lile bonge la gia katikati ya ekseli) ikapita bila kugusa, na hapo nieleze: springi haikuiinua difu ile hata kidogo, inainua bodi. Kilichoiinua ni tairi, na ni takribani milimita 27 tu, nusu ya tofauti ya kipenyo. Milimita 27 zimenifanya nicheke peke yangu ndani ya gari kama mwendawazimu. Kwa hiyo nilitaka kuandika kwamba nawasamehe, mali yao ni nzuri, shida ni mikono yao.

Lakini hapana. Nikikumbuka ule unga wa chuma, nafuta msamaha. Mtu anayekuuzia urefu bila kukuambia spidomita itakudanganya (yangu ikisoma 100, kwa hesabu ya tairi niko kama 107), kwamba gari litakuwa zito kuondoka, kwamba breki utazikanyaga mapema zaidi, huyo amekuuzia picha. Tairi zenyewe ni za ardhi mchanganyiko, za lami na za vumbi, si zile za matope zinazounguruma kama mashine ya kusaga, na hilo ndilo chaguo pekee nililolishikilia wakanibeza. "Za kinamama hizo." Mvua iliponyesha nikiwa kwenye lami niliwashukuru kinamama wote.

Uamuzi wangu kwa sasa: springi zinabaki, tairi zinabaki, rimu zao zinatoka. Mzee amepima: tairi hizi zinaingia kwenye rimu za kiwandani, kidole kinapita kati ya tairi na mkono wa juu, mkwaruzo utaisha, na zile nati bapa zitarudi kwenye rimu zake.

Jana mwenye gereji kanipigia kuuliza kama nimeridhika na huduma. Akaniita bosi tena. Nilimtolea maneno ambayo siyaandiki hapa, nikamkatia simu kama alivyonikatia. Raha yake ilidumu kama dakika mbili. Ndipo nikakumbuka rimu zangu za zamani, zote nne, bado ziko stoo kwake.