Mabuti ya ski ya slalomu kwa bahari ya Tanga: yapi ununue kwanza

Kupata ski ya slalomu, ule ubao mmoja wa kutelezea majini ukivutwa na boti, siku hizi si kazi kubwa, hata ya kuazima. Kinachosumbua ni mabuti. Hutayakuta yametundikwa madukani Ngamiani. Ama unaagiza nje, ama unanunua kwa mtu anayefunga virago kurudi kwao. Kwa hiyo unanunua bila kujaribu, tena kitu ambacho kikikukataa hakirudishwi kirahisi.

Kabla ya kuuliza kampuni gani, uliza ukianguka mguu utatokaje. Kwenye slalomu miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao mmoja, mmoja mbele ya mwenzake. Ubao wenyewe una urefu wa zaidi ya mita moja na nusu. Boti inakuvuta kwa kasi (mashindanoni wanaume hufika kilomita 58 kwa saa, wanawake 55), pua ya ski inachomeka majini, mwili unakwenda mbele na ubao unabaki nyuma. Hapo kisigino kinatakiwa kinyanyuke na mguu uchomoke. Ajali mbaya hutokea mguu mmoja ukitoka na mwingine ukang'ang'ania: ubao wote unageuka nyenzo ya kukupinda kifundo. Mpangilio wangu unafuata jambo hilo, na la pili ni chumvi.

Namba moja, kwa watu wengi wanaoteleza kati ya Raskazone na kisiwa cha Toten, ni buti la mpira laini mbele na mkanda wa vidole nyuma. Mguu wa nyuma unaingia nusu tu, kama kwenye ndara, na unatoka wenyewe. Kuanza majini pia ni rahisi zaidi, kwa sababu unaweza kuuacha mguu wa nyuma ukiburuzika kama usukani mpaka ubao utulie, ndipo uuchomeke. Wiley's wa Seattle wamejulikana kwa mabuti haya kwa miaka mingi, na uzuri wake ni kwamba vipande vya mpira hubadilishwa kimoja kimoja; kikichanika cha kisigino hutupi buti zima. Mkanda wa nyuma ndio kifungio cha bei ndogo kuliko vyote.

Lakini usije ukadhani mkanda unakuondolea hatari. Mguu wa nyuma karibu siku zote ndio unaotangulia kutoka, basi la mbele lisikubane kama plasta ya hospitali. Jipime nyumbani: weka ski juu ya mkeka, toa pezi la chini kwanza usije ukalivunja, vaa buti, kunja magoti kisha jitupe mbele kwa nguvu huku mtu amekushika mkono. Kisigino kikigoma kabisa kunyanyuka, legeza au chukua saizi kubwa zaidi. Kikinyanyuka ukisimama tu, buti ni kubwa na ski haitakusikia. Na mpira mpya hauingii mkavu. Changanya sabuni ya maji na maji kwenye chupa, mimina ndani, mguu utateleza.

Namba mbili ni mabuti mawili laini ya kufunga kwa kamba, mbele na nyuma, mfano Radar Vector au HO Stance. Yanashika vizuri zaidi, miguu haipishani, na mtu anayeteleza kila wiki atayapenda. Sharti lake ni moja: yakazwe sawasawa. Ukikaza la mbele na kulegeza la nyuma, umejitengenezea ile ajali ya mguu mmoja. Mwanafunzi ayaache kwanza, maana kuanza majini miguu yote ikiwa imefungwa kunachosha, na atakunywa maji ya chumvi mpaka achukie mchezo. Angalia pia kile kibanio cha kamba. Mchanga wa ufukweni ukiingia humo, kinagoma kubana siku ambayo umeshaingia majini.

Mabuti magumu ya ganda nayaweka ya tatu, na najua wapo watakaonuna. Reflex ya Ufaransa ina mtambo wa springi unaoliachia buti. Goode ya Marekani hushikilia bamba lililobeba mabuti kwa vipande vinavyong'ang'aniana kama velkro, ili mabuti yote mawili yatoke kwa pamoja. Ni vifaa vya kazi. Mtu wa mashindano, anayezunguka maboya 6 huku kamba ya boti ikifupishwa kutoka mita 18.25 kushuka mita 13 na chini yake anahitaji ubao uitikie hapo hapo. Ila springi hiyo inarekebishwa kwa uzito na kiwango cha mtelezaji: ikiwa nzito haikuachii, ikiwa nyepesi inakuachia katikati ya kona. Unahitaji mtu anayeijua asimame pembeni yako. Ongeza chumvi inayokauka ndani ya mtambo na mchanga kwenye vile vipande, uone kama pesa yako ina raha. Kwa anayeteleza asubuhi ya Jumapili ni gharama ya bure.

La mwisho ni lile buti la kurefusha na kufupisha, linalowafaa watu wote. Halimfai yeyote sawasawa, kisigino kinacheza. Hata hivyo, kama ski ni moja na wanaoigombania ni baba, shangazi na watoto wa darasa la saba, nunua hilo na usione haya.

Ya mtumba yanunuliwe kwa macho makali. Kunja mpira wa kisigino kwa vidole. Ukiona mistari myembamba kama ya tope lililokauka, jua limekwisha hata kama linang'aa. Muuzaji akikwambia "limekaa stoo tu", uliza stoo hiyo ina bati. Joto la chini ya bati linaua mpira kuliko kutumika.

Saizi usiagize kwa kukisia. Namba 42 tuliyoizoea huangukia karibu na 9 ya Marekani, lakini kila kampuni ina jedwali lake. Simama kwenye karatasi, chora unyayo, pima kwa sentimita. Na ujue mguu wako wa mbele: simama wima, mtu akusukume mgongoni ghafla, ule unaowahi kutangulia ndio watu wengi huanza nao.

Sasa skrubu za kushikiza mabuti kwenye ski, ambazo watu hawaziulizi. Ski nyingi za Marekani zina matundu ya uzi wa robo inchi, yaani milimita 6.35. Maduka yetu ya vifaa yamejaa za milimita 6. Kwa macho ni pacha. Fundi mmoja alinizungushia moja kwa vidole, ikaingia laini, akaitikisa ikacheza: "Kaka, hii inaingia, ila haikai." Ukiikaza kwa nguvu inakula uzi wa ndani ya ski, na tundu hilo hulipati tena. Ziwe za stenlesi, maana za kawaida zitatoa kutu upesi mno.

Ukitoka majini suuza kwa maji baridi ya bomba, anika kivulini, usiache kwenye buti la gari. Mafuta ya nazi na grisi vyote vinaozesha mpira.

Agiza mapema ili mzigo ufike kabla ya tanga mbili, bahari inapotulia kati ya kusi na kaskazi. Kusi likishika, ghuba inachafuka na ski itabaki ukutani. Kwenye oda hiyo hiyo ongeza skrubu 8 za akiba na washa zake, zile pete za chini ya kichwa cha skrubu.